Treni Iliyofunikwa Kitambaa

Jumanne, Bulla Pesa

...na bado Guyo anaapa ni ya makaa! Kampuni ya treni za kuchezea imetoa picha moja tu ya treni yao mpya, tena imefunikwa kitambaa, na sisi watu wazima watatu tumeikodolea macho jioni nzima kwenye simu yangu.

Guyo ni dalali wa ngamia. Aliipima ile nundu chini ya kitambaa kama mnyama wa sokoni. "Hiyo ni bomba ya moshi, hakuna kitu ingine." Ekai, fundi wa pikipiki, akasema ni ya dizeli, hata kipofu anaona. Karibu washikane mashati.

Nilimuunga Ekai mkono, nikajifanya mtaalamu. Ukweli ni kwamba sijui lolote. Mlima wa simiti niliojenga mezani, kwenye reli ya treni zangu za kuchezea, una tundu dogo la kupitisha treni, na hilo bomba likija, litagonga. Kuuvunja mlima, baada ya kazi yote ile...

Mke wangu akaleta chai, akaitazama picha.

"Baba Abdi, kati yenu nani amewahi kupanda treni?"

Sote watatu tukainamia vikombe, tukapuliza chai. Wala haikuwa moto.