Jina Lolote, Ulisema

Mume wangu,

Nimekosa pa kukutumia barua hii. Anwani uliyoniachia ilikuwa ya rafiki yako wa Buguruni, naye amenijibu kwamba ulihama bila kuaga. Lakini binamu yako anayefuata mitumba Dar anasema amekuona Kariakoo zaidi ya mara moja, asubuhi, umesimama kwenye meza ya magazeti ukisoma vichwa vya habari bila kununua. Ndiyo maana nimewaomba wenye gazeti waniwekee barua yangu. Najua haitakaa ukurasa wa mbele. Itakaa ndani, kule usikofika mpaka ununue. Naandika hivyo hivyo.

Unaukumbuka mnada wa Misungwi? Mama yangu alikuwa anauza viazi, mimi nimekaa ubavuni mwake nimenuna kwa sababu ya jua. Ukaja ukasimama. Mama akakukaribisha viazi, nawe ukasema, "Shikamoo mama. Viazi sihitaji. Nimekuja kumwangalia huyu binti." Watu walicheka, mama akakufukuza, na mimi nikakupenda palepale. Vijana waliokutangulia walikuwa wananizungusha kwa maneno waliyoyaokota redioni. Kiswahili chako kilikuwa kizito, nusu yake Kisukuma, lakini ulichokisema ndicho kilichokuwepo.

Tulipohamia chumba chetu cha Pasiansi nikakuzoea zaidi. Ugali wangu wa kwanza uliungua. Mwanamume mwingine angesema mtamu, au angesusa. Wewe ulisema, "Umeungua. Tule," ukala mpaka ukoko. Na mtu akikuuliza habari za kazini, ulimweleza habari za kazini kweli: mashine gani ya kufuma imekufa, kipuri gani hakipo, nani amegombana na msimamizi. Jirani yetu mwalimu alifika mahali akawa anakupungia mkono tu kwa mbali, maana salamu yako moja ilimchelewesha shule. Nilikuwa nakucheka. Sikujua kwamba nitakuja kuililia tabia hiyo.

Kisha wakaja mabwana wa tai kiwandani kwenu, wakawakusanya wafanyakazi wote uwanjani. Ulirudi mchana, saa ambayo hujawahi kurudi. Nilikuwa nafua. Nikakuuliza, "Wamekufukuza?" Ukasema, "Hapana, ni marekebisho." Nikauliza tena, "Kesho unakwenda kazini?" Ukasema, "Kimsingi tumepunguzwa, kiwanda kinabinafsishwa." Nilikutazama usoni nikimtafuta mume wangu. Aliyekuwa amesimama pale ni mtu aliyepigwa, na waliompiga wamempa maneno ya kufunikia jeraha. Ungeniambia tu, "Wamenifukuza," ningeacha kufua, tungekaa chini tulie pamoja, yakaisha.

Tangu siku hiyo maneno yaliingia kwetu kama inzi wa dagaa. Kijiweni kwenu hakuna aliyekuwa hana kazi. Mmoja anajiajiri, mwingine yuko kwenye mipango, wa tatu anasubiri dili liive. Soko huria, mkawa mnasema, mambo ruksa. Mtu hajala tangu jana lakini ukimsalimu anajibu bomba. Ukaanza na wewe. Nikikuambia unga umekwisha, unajibu, "Usijali, mambo yatakaa sawa." Nikikuambia mwenye nyumba amepita, unajibu, "Poa." Poa nini? Nilikuuliza hivyo siku moja kwa hasira, ukaniambia mimi ni mshamba, sijui mji unavyokwenda. Labda. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na mimi ndiye niliyekuwa nalala nalo chumba kimoja.

Likaja dili la mabondo, vile vibofu vya ndani ya sangara wanavyovinunua wageni kwa bei kubwa. Mkahangaika kuyatafuta kutoka mwalo mmoja wa wavuvi hadi mwingine, mnarudi mnanuka, mwishowe wenye mitaji wakawazidi mbio. Hukuniambia, "Tumeshindwa." Uliniambia soko limebadilika, na kwamba sasa mchezo wote uko Dar. Nilikusindikiza stesheni nikiwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuuliza utarudi lini. Ukasema, "Mipango ikikaa vizuri." Treni ikaondoka na wewe, na mimi nikabaki nikijaribu kuhesabu siku kwa kutumia jibu hilo. Halihesabiki.

Binti yako alizaliwa alfajiri, siku ambayo ziwa lilikuwa limechafuka kiasi kwamba mitumbwi haikutoka. Hospitali siku hizi hakuna kulipa, kuna kuchangia. Nilichangia glavu, nikachangia wembe, nikachangia uzi, na muuguzi akanipongeza kwa ushirikiano. Mama yako alikuja kutoka kijijini kunilea. Akampokea mtoto, akamkagua vidole, akasema, "Haya, tumsubiri baba yake atume jina."

Wewe ndiye uliyenifundisha jambo hili. Tulikuwa tumekaa juu ya mawe pale ufukweni, unanitajia ndugu zako. Kabula, alizaliwa mvua inanyesha. Nyanzala, alizaliwa mwaka wa njaa. Ulisema kwenu jina halichaguliwi kwa uzuri. Mtoto anaitwa kile kilichotokea, ili akikua ajue alikuta nini duniani. Nilisema majina yenu yanatisha. Ukasema, "Yanatisha lakini hayadanganyi." Hilo neno lako nimelitunza, hata kama wewe umelitupa.

Basi tukasubiri. Nilimwomba mama yako ampe jina yeye, akakataa. "Baba yake yu hai," alisema. "Mtu aliye hai hanyang'anywi jina la mtoto wake." Mwezi ukapita, na mwingine. Kliniki waliandika "mtoto wa kike". Mama alimwita mgeni. Majirani walikuwa hawajui waniite nani, maana mama fulani bila fulani haitamkiki, wakawa wanaanza, "Mama..." halafu wanaishia hapo, wananitazama kwa huruma. Nilikuwa natamani hata wanitukane.

Mpaka ulipopiga simu kwenye lile duka la Kirumba. Nikaitwa, nikaenda mbio na mtoto mgongoni. Sauti yako ilikuwa ileile, nikafurahi kama mjinga. Ukauliza, "Mambo vipi?" Nikakuambia mtoto hana jina, mama anakusubiri wewe, taja. Kukawa na makelele ya watu huko uliko. Ukasema, "Poa, mpe lolote. Jina lolote poa tu." Kisha ukasema kuna mshikaji anakusubiri, na mambo yakikaa sawa utanitafuta. Mwenye duka alinitazama, akageuka kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa.

Nyumbani mama yako alikuwa amekaa mlangoni. Hajui Kiswahili cha mjini. Aliniuliza, "Masanja amesemaje?" Nilitafuta namna ya kuyaweka maneno yako kwa Kisukuma, nikaona hayana kitu ndani cha kuhamisha. Nikamwambia, "Amesema hana jina." Hakukutetea, wala hakukulaani. Alimchukua mtoto kutoka mgongoni kwangu, akatoka naye uani penye mwanga, akamtamkia jina. Kisha akaingia ndani akavaa khanga nyeusi, ile aliyomzikia baba yako, na hajaivua mpaka leo.

Sikuandikii ili urudi. Hilo tumaini nilikuwa nalo, nimeliangalia likiisha. Hata huo ujuzi wangu wa kuchukia maneno haya haunisaidii. Juzi mwalimu alinipita nikiwa nimeshika ndoo tupu, bomba halitoi, mtoto ana homa. Akaniuliza mambo. Nikajibu, "Poa." Limenitoka lenyewe. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, nikaelewa kidogo jinsi ulivyopotea: ni rahisi, na hakuna anayekuuliza swali la pili.

Sasa ninalo jina la kuitwa. Mtaa mzima unalijua. Muuza mkaa analijua, na hata mwenye nyumba akija kudai hulitaja kwanza. Binti yako mwenyewe ameshaanza kugeuka akiitwa. Ni jina la kwenu, linasema kilichotokea, na halikufichi.

Nilitaka kuliandika hapa, nimelifuta. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kaa salama huko Dar.

Mimi,
mama wa binti yako