Kopo la Kupatana

Mdogo wangu,

Paka wako kazaa ndani ya kapu la nguo za mama. Nimeanza na paka ili usiichane barua.

Simu zangu hupokei tangu tugombane, ndiyo maana nimemwomba dereva wa basi akuletee hii mkononi. Lile kopo la maziwa ya mtoto nililokutumia ili tupatane, usilifungue! Kiwandani huwa tunagawiwa makopo kabla majibu ya maabara hayajatoka, nasi tumeshazoea. Leo mimi mwenyewe nimefunua sahani ya kipimo cha maziwa ya makopo hayo, nikakuta bakteria wameota, wale wanaoua watoto wachanga.

Kama mtoto ameshayanywa, mkimbize hospitali sasa hivi, hata kama anacheka.

Halafu nipigie. Hata kama ni kunitukana tu, nipigie.

Dada yako