Sekunde Sita za Kiatu

Bobini wangu,

Shikamoo dada. Na shikamoo nyingine hii hapa, iweke akiba, maana ukifika mwisho wa barua huenda usitake kuniitikia.

U hali gani? Mgongo je? Mama anasema ulimwambia huko hotelini mnapiga pasi mashuka mmesimama kutwa, na kwamba uliungua vidole viwili. Vimepona? Ni vile vya kushikia sindano au vingine? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Sisi hapa wazima. Mama mzima, mdomo wake mzima zaidi. Jirani yetu seremala anakusalimu, anasema tangu uondoke suruali zake zinashonwa na mtu asiyejua kama binadamu anakaa.

Najua unajiuliza huyu Kiroboto kaanza lini kuandika barua na simu zipo. Kwenye simu ungenikatiza, dada. Ungecheka, ungesema yameisha hayo, na mimi ningemeza maneno kama nilivyoyameza miezi yote hii. Karatasi haikatizwi. Basi nivumilie.

Habari kubwa ni hii: filamu imeonyeshwa! Ile ile ya mzee tarishi uliyemshonea koti. Dakika nne tu, baada ya miezi minane ya kuishi na gundi kwenye nyusi. Unakumbuka tulivyoanza mikono mitupu? Mifupa ya mzee ni ule waya laini wa kufungia nondo niliouokota pale wanapojenga ghorofa. Nyama yake ni sponji ya godoro lililoliwa na panya. Macho ni shanga mbili za hereni yako iliyofiwa na mwenzake. Kichwa nilikifinyanga kwa udongo mara tatu, na mara tatu kikapasuka kikikauka, mpaka ukasema mzee gani huyu anazeeka kabla hajazaliwa. Ukachukua soksi na pamba ukakishona mwenyewe. Koti ukalikata kwenye vipande vilivyobaki vya sare za shule, ukalitia vifungo kama punje za mtama. Halafu viatu. Viatu viwili vya ngozi ya mkoba uliokufa, vina mpaka matundu ya kamba! Nikakwambia unajisumbua, hakuna atakayeviona. Ukasema mwenye miguu ataviona.

Mama naye kila akipita mlangoni anauliza kama mwanawe ana mpango wa kuoa, au ndio ameshaoa hao wanasesere.

Wewe ndiye pekee uliyeielewa kazi yenyewe. Wengine niliwaeleza wakapiga miayo. Unampiga mzee picha, unamsogeza mkono kiasi cha unene wa ukucha, unapiga tena. Picha kumi na mbili zinakupa sekunde moja. Ukizipitisha haraka haraka, mzee anatembea, anakuna kichwa, anaguna. Ukapiga hesabu vidoleni ukaangua kicheko: yaani mtu anayeitwa Kiroboto, asiyeweza kukaa hata chai ipoe, ndiye kajichagulia kazi ya kutotikisika! Kweli ilikuwa adhabu. Kamera ni simu yangu, nimeifunga juu ya matofali mawili kwa mpira wa ndani wa baiskeli, juu ya meza ile ile aliyokaa mzee na kitanda chake. Blanketi dirishani, taa moja. Simu haiguswi. Nabonyeza kitufe cha hedifoni tu, nikiwa mbali. Matofali nimeyazungushia alama kwa chaki yako ya kukatia nguo, maana yakisogea hata kidogo, nyumba nzima ya mzee inaruka, na kazi ya tangu asubuhi imekwenda na maji.

Basi, Jumamosi iliyopita wakaionyesha kwenye ukumbi mdogo wa maktaba. Shuka jeupe ukutani, viti vya plastiki, watu kama arobaini. Seremala alikuja na mkewe, kavaa shati ulilomshonea. Mimi nimesimama nyuma kabisa karibu na mlango, miguu inataka kukimbia bila mimi.

Kisa unakijua. Mzee amestaafu, ni siku yake ya kwanza bila mkoba wa barua, anazunguka nyumbani hana pa kupeleka mikono. Mwishoni anakaa kitandani kuvua viatu. Ni sekunde sita hizo za kiatu cha kwanza. Anainama, anafungua kamba, na katikati ya kufungua anashtuka. Kichwa kinageuka kidogo upande wa mlango. Anatulia. Halafu anarudi kwenye kiatu chake.

Dada, ungeona! Watu walikuwa wanakula karanga, karanga zikakoma. Mama mmoja mbele yangu akasema kwa sauti kwamba huyo mzee kaitwa. Mwenzake akamuuliza kaitwa na nani. Akasema yeye hajui ni nani, ila kaitwa, na amesikia, na tazama anavyoendelea na kiatu.

Nikarudi nyuma mpaka kisogo kikagonga mlango.

Filamu ilipokwisha mratibu wa maonyesho akaniita mbele, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Akasema ameona kazi nyingi siku hiyo, zingine za watu wenye vifaa vya maana, lakini ni pale tu mzee aliposhtuka ndipo alisahau kwamba anatazama sponji na waya. Akaniuliza wazo lile nililipata wapi. Nikasema nilipanga. Nikaongeza, mdomo una mbio huu, kwamba nililifanyia mazoezi wiki nzima. Watu wakapiga makofi. Seremala akanipiga mgongoni nikakohoa.

Na sasa filamu imechaguliwa kuonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa huko huko mjini kwenu, mwisho wa mwezi ujao. Nimepewa viti viwili vya mbele, kimoja nimekiandikisha jina lako. Nimeambiwa pia niandike ukurasa mmoja wa kusomwa kabla ya filamu, nieleze nilivyomfanya mzee ashtuke. Nimekaa kuuandika tangu juzi. Nimechana karatasi nne. Ya tano ndiyo hii unayoisoma, kwa sababu sikupanga chochote, Bobini. Kile alichokiona mratibu ni wewe.

Turudi kwenye ile siku ya vibanda.

Asubuhi kwenye chai ulituambia vibanda vyote vya barabarani, na chako cha kushonea kimo, vimepakwa alama nyekundu, na inasemekana watabomoa leo au kesho. Nguo ungeweza kuzibeba, lakini cherehani ya mama, ile ya kukanyaga, mguu wake wa chuma hauinuliwi na mtu mmoja. Ukanitazama, ukasema Kiroboto leo uwe karibu na simu, nikikupigia uje na mkokoteni wa seremala. Nikasema ondoa shaka. Na nilikwenda kuuomba, haki ya nani. Nikauegemeza kwenye ukuta wetu, hapo nje ya dirisha. Kisha nikaingia ndani, nikaweka blanketi, nikawasha taa, nikaanza kiatu.

Ya upande wako nimeyasikia vipande vipande, kwa Mama na kwa muuza magazeti. Kwamba wabomoaji walifika saa nane. Kwamba ulitoa vitu nje peke yako, ukaburuta cherehani mpaka ukingoni mwa barabara, ukasimama hapo ukiilinda, kila mkokoteni ukitokea wewe unanyoosha shingo. Kwamba muuza magazeti alikwambia tafuta mbebaji, ukamjibu mdogo wangu yuko njiani. Saa tatu nzima, dada, mdogo wako yuko njiani! Kisha mvua. Sare za wateja zikaanza kulowa, ukakimbia nazo chini ya paa la duka la vioo, hatua ishirini tu. Uliporudi, cherehani haipo.

Ukaingia nyumbani na furushi kichwani, maji yanachuruzika mpaka kwenye kope. Hukunifokea. Uliniuliza tu kama niko salama, kwa sababu ulipiga ukaambiwa sipatikani, ukadhani nimepatwa na jambo. Nikakwambia simu yangu iliingia maji. Yaani simu ndiyo iliyoingia maji, na aliyelowa amesimama mbele yangu! Ukanipa pole. Ukaniuliza picha za mzee je, hazikupotea? Nikasema hazikupotea. Ukasema afadhali, angalau kimoja kimepona.

Neno hilo nalala nalo.

Simu haikuingia maji. Ilikuwa juu ya matofali yake, nzima kabisa, na mimi nilikuwa nayo uso kwa uso. Nilikuwa nimefika picha ya arobaini na moja. Kidole kiko kwenye kitufe, ikaanza kutetemeka. Tofali likanguruma, meza ikatikisika, jina lako likajitokeza pale juu ya kioo, juu kabisa ya kichwa cha mzee: Bobini. Kidole kikabonyeza kwa mshtuko. Nikashika pumzi, nikaomba moyoni ukate. Ukakata. Ukapiga tena.

Na usije ukanitetea kwa kusema labda hakujua. Nilijua. Nilijua ni vibanda, nilijua ni cherehani, mkokoteni nauona kivuli chake kupitia kwenye blanketi. Nilijiambia kiatu kitoke kwanza, nikiondoka sasa taa itapoa, kamba italegea, siku nzima imekufa. Nikanyoosha mkono, nikatumia ncha ya ukucha ili nisiisogeze, nikazima mtandao wa simu, usiweze kunipata tena. Kisha nikayarudisha matofali kwenye mstari wa chaki. Chaki yako.

Zilibaki picha thelathini na moja. Nilizipiga zote, mpaka jioni. Hazifiki hata sekunde tatu, dada. Wewe saa tatu barabarani, mimi sekunde tatu za kumvua kiatu mwanasesere.

Shingo ya mzee ilikuwa imegeuka meza ilipotikisika, na mimi sikuona, niliendelea kumsogeza hivyo hivyo. Nilikuja kuona siku nyingine nilipozipitisha. Nikaona kabisa: hapo ndipo Bobini alipopiga. Ningeweza kuikata. Sikuikata kwa sababu ilikuwa nzuri. Hilo nalo nalisema, ili usije ukagundua mwenyewe baadaye.

Halafu ukaondoka kwenda kupiga pasi mashuka ya watu, wewe uliyeweza kumtia mzee wa sponji vifungo vya mtama, na mimi nikakubebea begi mpaka kwenye basi nikijifanya mtu mwema.

Jana nilikwenda kwa mratibu nikamwambia nilidanganya, sikupanga. Akavua miwani akauliza ilikuwaje basi. Nikamwambia hiyo ni ya dada yangu kuisikia kwanza. Akasema sawa, atasubiri mpaka wiki ya mwisho kabla ya onyesho.

Humo ndani ya bahasha, kwenye kile kitambaa, kuna kiatu cha mzee. Hicho hicho. Sasa amekaa rafuni mguu mmoja uchi, kama mtu aliyekimbia moto. Bila kiatu siwezi kurudia zile sekunde sita, na mwingine hapa wa kukishona hayupo. Ukinirudishia, nitazipiga upya, mzee avue kiatu chake kwa amani bila kuitwa na mtu, na ile siku ibaki yako, watu wasiishangilie. Ukikaa nacho, nitaiacha ilivyo, nami nitasimama mbele ya ukumbi niseme aliyeita ni nani na aliyesikia akakaa ni nani. Na ukitaka kukitupa, kitupe, kiti chako cha mbele kiko pale pale. Najua kwa mara ya pili nakuachia chuma uinue peke yako. Nimefikiri sana, sijaona njia ambayo mimi ndiye wa kuamua.

Mama anakusalimu, anasema ule ushibe, na usiwape hao wa hotelini mgongo wako wote, bakiza wa kuzeekea. Hajui ninachokuandikia. Atajua kwangu, kabla hujampigia. Seremala hajauchukua mkokoteni wake wala mimi sijamrudishia, bado umeegemea pale ukutani, na kila nikitoka nje naugonga kwa goti. Vidole vyako usivisahau kunijibu.

Mimi ninayekupenda na kukukosea,
mdogo wako, Kiroboto.

Sasa mwenye kiatu mkononi ni wewe, dada, na anayeita ni mimi. Utafanyaje?