Mawimbi ya Matema, Kamera Kichwa Chini

Jumapili. Kyela imeamka na mawingu, mchana upepo ukavuma kutoka ziwani, na jioni hii nguo zangu bado zina mchanga wa ufukwe wa Matema. Sitaki kuzikung'uta.

Kesho alikuwa aje mtu kutoka Iyunga kuchukua kamera yangu. Tulishaelewana bei. Tangu nianguke na pikipiki mwaka jana, vidole vya mkono wangu wa kulia vinasikia baridi, vinasikia moto, ila mimi havinisikii. Na kitufe cha kamera kiko kulia. Simu naweza kuibonyeza kwa kushoto, lakini nani ataniita kwenye harusi yake nipige picha kwa simu?

Kwa hiyo leo nilikwenda kuaga. Upigaji picha niliuanzia kwenye mawimbi yale, nikasema niumalizie palepale.

Mama akasema anakuja. Sikumwomba. Mama hapendi ziwa, anasema maji yale hayana adabu. Ila tangu ajali ndiye anayenifunga vifungo vya shati, na nadhani aliogopa kuniacha peke yangu.

Ziwa lilikuwa limechafuka kwelikweli. Wimbi linakuja limejikunja, linapiga mawe chini ya mlima, linaruka mpaka linaficha miti. Nikajaribu kwa mkono wa kulia. Kidole kikakaa tu juu ya kitufe. Wimbi likapita. Likaja jingine, nalo likapita. Nikampa mama kamera anishikie, nikageukia pembeni, nikalia.

Mama hajawahi kushika kamera maishani mwake. Aliifunika kwa khanga isilowe, na aliponirudishia ilikuwa chini juu. Nikaipokea kwa kushoto hivyohivyo. Kidole changu cha mwisho, ambacho mpaka leo kazi yake ilikuwa kuchokoa sikio, kikatua kwenye kitufe.

Ikalia.

Nikashtuka. Nikailaza lenzi juu ya kiganja cha kulia, maana kubeba bado kinaweza. Nikasubiri wimbi. Nikabonyeza likiwa hewani.

"We mwanangu, mbona umeishika kichwa chini?"

"Ndivyo ulivyonipa, mama."

"Basi lete niigeuze."

"Usiiguse!"

Nilipiga kelele mpaka mama mmoja muuza vyungu akageuka kututazama. Picha nyingi zimetoka na ukungu, nyingine zina mlima tu. Lakini moja ni picha hasa: wimbi limepasuka, na kila tone limesimama peke yake. Kwenye kioo cha kamera lilionekana linaning'inia kutoka mbinguni. Mama akainamisha kichwa alione vizuri, kilemba kikaanguka mchangani. Tukacheka kama wehu.

Njiani nikamwambia ndaga fijo, kwa Kinyakyusa chake, kwa sababu asante ya Kiswahili niliona haitoshi. Akanijibu nifunge dirisha, vumbi linaingia.

Yule mtu wa Iyunga nimeshampigia, nimemwomba radhi. Kauliza kama kamera imeharibika. Nimemwambia haijawahi kuwa nzima kama leo. Kesho nitaanza kufanya mazoezi na kuku wa uani, maana nao hawatulii, kama maharusi.

Hivi sasa mama yuko jikoni, anamsimulia jirani kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kupiga picha.

Nimemwacha aseme. Si uongo.