Salamu Ambazo Hukumtumia Mama

Goma, Mapendo, tarehe 9 Machi 2014

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Evariste,

Nakusalimu kwa upendo wote wa nyumba hii. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekuachia, na baridi ya huko imeanza kulegea. Sisi tunapumua, Mungu anatusaidia. Benny amerudi shuleni. Mimi bado nashona kwa jirani yetu Mama Thérèse, na mgongo unaniuma kama wa bibi kizee, ila hilo si la kukusumbua nalo.

Nakuandikia kwa sababu siku ile katika simu ya padre wetu, Abbé Zéphirin, hatukumaliza. Alikuwa amekwisha kukuambia kwamba mama ametutoka, akanipa simu, nikakusikia unalia. Halafu ukaniuliza kama katika miaka yote hii mama hakuwahi kusema hata neno moja kwa ajili yako. Unité za simu zikaisha kabla sijajibu. Hapana, leo nitasema ukweli: unité zilikuwepo. Mimi ndiye niliyekata.

Nianze na mazishi, maana ni haki yako kuyajua. Mama alilazwa hospitali siku nane kwa ajili ya tension, ile presha ya damu, akafariki tarehe 11 Februari asubuhi. Unakumbuka udongo wa Goma, ni jiwe la volkano tupu. Wanaume walivunja kwa nyundo tangu alfajiri hadi saa sita mchana ndipo shimo likatosha. Kwaya iliimba vizuri. Kilio kilikaa siku tatu, na Mama Thérèse ndiye aliyepika, akamgombeza kila mtu aliyekataa kula, pamoja na mimi.

Yaya, barua zako ndizo zilizokuwa redio ya mama. Alikuwa hajui kusoma, lakini aliijua pwani yako ya Finlande kuliko mtu yeyote hapa Mapendo. Aliwahadithia wenzake wa parokia kwamba pale Oulu bahari ina chumvi kidogo sana, hata samaki wa mito wanaishi ndani yake, na kwamba kila mwaka inaganda, magari yanapita juu ya maji kwenda kisiwa cha Hailuoto, na njia imewekewa alama za vijiti. Wakamwambia anadanganya. Alirudi nyumbani amekasirika, akanituma nikachukue barua niwasomee mwenyewe, nikaenda.

Ulipoandika kuhusu yule mzee anayekufundisha kutega nyavu chini ya barafu, na vile visamaki vidogo mnavyokaanga vizimavizima, mama alifurahi kupita kiasi. Alisema basi hukupotea, kama watu hao nao wanakula sambaza kama hizi za ziwa letu. Ulipoandika kwamba zamani walichoma misonobari wakapata lami ya kupaka meli za mataifa, na leo ni chuma, karatasi na viwanda vya simu vinavyopunguza wafanyakazi, aliuliza kama ndizo simu zinazotengenezwa kwa mawe yanayochimbwa kwetu Masisi. Kuhusu kile kibanda cha moto ambamo watu wanakaa uchi pamoja, alinikataza kusoma mbele ya Benny. Na jua la mwezi wa sita, lisilopotea ila kitambo kidogo usiku wa manane, lilimpa taabu, maana hakuelewa watu wanajuaje saa ya rozari ya jioni.

Lakini kilichomgusa zaidi ni ile habari ya ardhi. Uliandika kwamba huko nchi inainuka polepole kutoka baharini, karibu upana wa kidole kidogo cha mkono kila mwaka, hata vibanda vya mashua vya wazee vimebaki kwenye majani mbali na maji. Mama hakuuliza inainukaje. Aliuliza ardhi hiyo mpya ni ya nani. Nikakuandikia swali lake kana kwamba ni langu, ukajibu kwamba wenye vijiji wanaimiliki pamoja, kila nyumba na fungu lake. Akasema, “Bila bunduki?” Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akaniomba nisome tena.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Barua yako ya kwanza kutoka huko, ukijibu ile niliyokuandikia Abbé Zéphirin alipotupatia anwani yako, ilifika 2011. Tulikuwa hatujakusikia tangu 2008, tangu tulipokimbia Rutshuru. Unaijua siku ile kuliko mimi. Ulikuwa na malaria, huwezi kusimama. Mama alimbeba Benny mgongoni, akanishika mkono, akakuambia utulie kitandani, atarudi kabla ya giza. Giza likaingia hajarudi. Sisi tuliishia kwenye mahema ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, wewe ukaishia Uganda. Kwa hiyo barua ilipofika mama aliosha uso, akafunga kitenge kizuri, akakaa mbele yangu kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu. Nikasoma. Mwishoni ukasalimu: mimi, Benny, Mama Thérèse niliyekutajia, kwaya yote, hata Abbé Zéphirin ambaye hujawahi kumwona. Mama alikuwa anafuata kila jina kwa kichwa. Lake halikuwepo.

Yaya, sikuweza kumaliza hivyo. Nikaliweka. Nikasoma kwamba unamsalimu mama yako Kaswera kwa mikono miwili. Akaitikia pale pale, akiiambia karatasi, “Aksanti, mutoto yangu.”

Tangu hapo nikafanya hivyo kila barua, barua kumi na moja. Hilo ni kosa la kwanza, na pengine ungenisamehe. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kila nilipokaa kukujibu, mama alikuwa na maneno yake. Alisema niandike kwamba anashukuru kwa salamu, kwamba anakuombea, kwamba ana furaha humkasirikii tena. Ningeandikaje? Ungejua kwamba nimekutungia salamu, na niliogopa ungekasirika uache kuandika kabisa, na mama angekufa kwa huzuni. Nikawa naruka maneno yake. Kalamu ilikwenda, mama akidhani naandika, nami nilikuwa nakuelezea bei ya maharage.

Basi jibu la swali lako ni hili: alisema kila mara. Wewe ulinyamaza ukidhani amenyamaza, na katikati nilikuwepo mimi. Nilijiona ninawaunganisha. Niliwatenga, Yaya, mimi niliyewapenda wote wawili.

Siku mbili kabla hajafariki, kitandani pale hospitali, aliniomba nimsomee kile ulichoandika kuhusu siku ya Rutshuru. Hujawahi kuandika chochote juu ya siku ile. Nilikuwa na barua yako ya Noeli, ile ya watu wanaowasha mishumaa makaburini juu ya theluji. Nikaishika mbele ya macho yangu, nikasoma kwamba umemsamehe, kwamba siku ile hakuwa na mikono mitatu. Nilisema kwa kinywa chako jambo ambalo ni lako peke yako kulisema. Sijui kama ungelisema. Sikuombi uniambie.

Mama alilia kidogo, akasema kwamba sasa anaweza kuongea. Kulikuwa na jambo ambalo miaka yote alitukataza tusikuandikie, maana alisema mzazi hajiteti mbele ya mtoto wake. Aliniambia nichukue kalamu. Haya ndiyo maneno yake, na safari hii sikuruka hata moja:

“Umuambie Evariste nilirudiaka. Siku ile ile maaskari wa barrière walinikatalia njia, na kesho yake vilevile. Siku ya ine nilipita kwa mashamba, nikafika kwa nyumba. Nilikuta mulango wazi na kitanda bule, hakuna mutu. Nikakaa pale siku mbili, nikimupikia, nikisema labda ataingia. Sikumuachaka. Nilimuchelewea.”

Aliniuliza kama nimeandika yote. Nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli.

Nimekufungia karatasi yenyewe ndani ya bahasha hii. Mwandiko ni wangu, lakini chini ameweka alama ya kidole gumba chake. Wino ni ule wa kwa Mama Thérèse, tunaochorea vitambaa, niliokuwa nao mkobani, ndiyo maana ni wa buluu. Usiushike kwa mkono wenye maji.

Benny anakusalimu, anataka kujua kama umewahi kuanguka kwenye barafu. Mama Thérèse anakusalimu, Abbé Zéphirin anakuombea. Ukinikasirikia nitaelewa, na usiponiandikia tena sitakulaumu. Lakini kama una neno kwa mama, liandike, hata liwe la uchungu. Nitakwenda kumsomea kaburini kama lilivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Kanyere