Ulipopungua Ukadhani Umepona

Leo umetimia mwaka, mume wangu Gombosuren, tangu ulipotoka mlangoni ukisema, "Weka chai, narudi sasa hivi."

Miaka thelathini na moja ulikuwa fundi wa mabomba ya kupasha nyumba joto hapa mjini kwetu Darkhan. Baridi ikikaza, majirani walikuja kwako kwanza, nawe ulibeba spana zako ukaenda, hata sikukuu. Mkia wa kondoo uliula kwa kisu, mafuta yakikutiririka kidevuni, na nikikutazama ukaniita "bibi askari".

Ulikuwa na kilo mia na ishirini na moja. Daktari alikuta presha yako 190 kwa 115, akakuuliza unajisikiaje.

"Kama ngamia dume."

"Baba, hata ngamia huanguka. Tembea kila siku, punguza mwili, punguza chumvi, meza dawa."

Ulicheka njia nzima. Wiki iliyofuata kaka yako Luvsan akaanguka zizini, upande mmoja ukapooza. Ulipotoka kumwona, hukucheka tena.

Nje baridi ilikuwa ya kugandisha kope, basi ukawa unapanda ngazi za jengo letu, ghorofa tisa, asubuhi na jioni. Jirani yetu Bayarmaa alikutania, "Shemeji, umepoteza nini huko juu?"

"Kilo ishirini! Ukiziokota usinirudishie."

Chai yetu hutiwa chumvi; isiyo na chumvi ulisema ni maji ya kuoshea masufuria, lakini uliinywa. Kwa miezi minane zilitoka kilo kumi na tisa. Presha ikashuka hadi 134. Mshipi wa joho lako ukawa unazunguka mara moja zaidi.

Mimi sikuacha kuogopa. Nilisimama mlangoni nikisikiliza hatua zako. Siku ile zilinyamaza ghorofa ya sita. Nikasema, labda anaongea na mtu. Nikasubiri. Nilisubiri mno; nilipopanda nilikukuta umelala ngazini, pumzi imeshakata, unisamehe.

Baada ya mazishi nilikuta pakiti tatu za dawa kwenye koti lako, hata moja haijafunguliwa. Daktari alikuambia usiache kumeza mpaka yeye aseme. Wewe ulijiona mzima. Ungeniambia, mzee wangu. Ningekugombeza tu, yakaisha.

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanetu Tuvshin akapimwe presha. 172. Ana tumbo lako na kicheko chako. Tangu siku hiyo nampigia simu kila asubuhi, na asipopokea mara ya kwanza, napiga tena na tena.

Juzi akalalamika, "Mama, unanitisha."

"Naogopa, mwanangu. Nataka tuogope wawili."

Kisha nikamsikia akimwuliza mkewe dawa ziko wapi.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Norjmaa, watoto wako Tuvshin na Enkhjin, mkweo Solongo, kaka yako Luvsan, na wajukuu wako wote. Hutatutoka moyoni siku zote tulizobakiwa nazo.