Gari la Kwanza Kuosha

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Naosha magari! Tangu kiwanda cha kushona kifunge milango nimekaa hapa kwa mama kama kabati bovu, kila mtu ananizunguka na kupita. Uwanja tunao, bomba tunalo, barabara iko mlangoni. Tunachokosa ni vifaa, na mimi nakosa akili ya kuvichagua.

Nimekwenda duka la vifaa vya magari. Muuzaji ana kipara na maneno yasiyoisha — nimempa jina Bwana Povu. Kanionyesha mashine za presha za kuoshea. Ndogo ya buluu, ya kuoshea baraza. Kubwa ya njano, ina magurudumu na vichwa vya kubadilisha: kimoja cha maji makali, kimoja cha mvua, kimoja cha povu. Nimeishika ile ya njano, nikajiona bosi. Halafu nikasoma bei, nikaiachia kama sufuria ya moto.

Bwana Povu anasema anayeanza asikimbilie nguvu. Kitambaa kibaya kinaharibu rangi ya gari kuliko matope. Nimetoka na ndoo mbili na glovu ya manyoya. Basi. Nguvu nitaiota usingizini.

Jumatano, 5 Machi

Kaka kaja kumwona mama. Kaziona ndoo zangu, kacheka mpaka kakohoa. Mbili za nini, Kadogo, moja ya kuogea? Nikamweleza: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuza glovu, mchanga usirudi kwenye rangi. Eti hiyo ni michezo ya povu, nitafute kazi ya watu wazima.

Nikameza aibu nikamwomba anisaidie mashine ya njano, au hata ile ya buluu. Atafikiria. Kwa kaka, atafikiria maana yake hapana. Na gari lake jeupe hataki nijifunzie, eti nitalichubua. Huyu ndiye aliyeacha shule baba alipokufa ili mimi nisome, kwa hiyo siwezi hata kumnunia vizuri. Nimenuna nusunusu.

Aliyenitia moyo ni Kengele, muuza mikate wetu. Kasimamisha baiskeli getini, kasema nikifungua nianze na yake, atanilipa mkate wa moto. Baiskeli yenyewe anaipaka rangi kwa mkono wake — kijani cha kupiga kelele, mpaka kwenye tandiko! Nimemwambia hiyo haihitaji kuoshwa, inahitaji kuombewa. Kaondoka anacheka, anagonga kengele yake bila sababu.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Bwana Povu tena. Nilikwenda kuulizia mashine ya kufyonza vumbi, nimerudi na kibonge cha udongo. Sio udongo wa chini, huu ni wa kung'arishia magari: mweupe, laini kama unga uliokandwa. Unalowesha gari kwa maji ya sabuni, unatelezesha kibonge juu ya rangi, kinang'oa kila kitu ambacho kuosha hakutoi. Lami, utomvu, hata rangi ya gari jingine lililokukwaruza. Uchafu unabaki kwenye kibonge. Unakikunja, unapata upande safi, unaendelea. Kikianguka chini tu, tupa, maana kitaokota mchanga na kuchora gari la mtu.

Mama kakitazama muda mrefu. Mwanangu, umetoka hapa na pesa, umerudi na udongo?

Jumanne, 11 Machi

Siamini. Siamini! Mashine ya njano iko chumbani kwangu, ubavuni mwa kitanda. Sitaki ilale stoo.

Kaka kaja kabla ya adhuhuri — saa anazolala baada ya zamu ya usiku — na boksi kwenye buti. Nisamehe, Kadogo, nilikuvunja moyo. Nimelia kama mtoto. Nimemkumbatia mpaka akaniambia basi, basi. Kisha akasema nianze na gari lake. Lile lile alilosema nitalichubua! Geti kalifunga mwenyewe, kwa sababu ya vumbi. Kasema nianzie mbele.

Taa ya kushoto imepasuka. Kasema katoka zamu alfajiri na usingizi, kagonga nguzo ya geti la kazini. Nimefuata mafunzo yote: kichwa cha mvua, povu likae, glovu, ndoo mbili. Gari likang'aa, ila kwenye bampa ukabaki mstari wa kijani. Kaka akaniuliza, hakuna dawa yake? Dawa ninayo! Nikatoa kibonge. Mara moja, mara mbili, nikakunja, mara ya tatu — mstari hakuna. Hata Bwana Povu angenivulia kofia, kama angekuwa na haja ya kofia.

Kaka hakucheka. Kasema kibonge nikitupe, ataninunulia kingine. Kitupwe na hakijaanguka? Tajiri huyu! Nimekikunja kijani kikaingia ndani, nimekiweka kwenye kikopo.

Kengele leo hakupita. Chai tumekunywa kavu.

Jumatano, 12 Machi

Kengele amekufa.

Aligongwa jana alfajiri kwenye kona ya barabara kuu. Gari halikusimama. Amefia hospitali jioni. Mama kanieleza akiwa amekaa sakafuni, kiatu kimoja mguuni. Anasema mikate ilitapakaa barabarani mpaka kwenye mtaro na watu wakaiokota.

Alfajiri. Jana. Taa ya kushoto.

Kikopo sijakifungua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekifungua. Kijani chake ni kile kile cha kwenye tandiko.

Nimekwenda kwa kaka. Wifi kanikaribisha chai, kanisifia gari, eti linapendeza kuliko siku walipolinunua. Kaka kanitoa nje. Nikamuuliza nguzo ya geti lenu ina rangi gani. Akasema hakumbuki. Nikamwambia nimepita pale nikija, ni nyeusi.

Akakaa kwenye ngazi. Akasema alisinzia, akasikia kishindo, akamwona amelala na mkono unacheza. Unacheza, kaka? Ndiyo. Na wewe? Nikaondoka. Ndivyo alivyosema — nikaondoka — kama mtu anayesimulia alivyotoka sokoni. Halafu akashika uso. Nina watoto, Kadogo. Na mama hili hatalimudu, unamjua. Akaniuliza kile kibonge nilikitupa?

Nikasema nilikitupa.

Nimerudi kwa miguu, hasira tele. Namchukia. Kisha namkumbuka ananibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha, viatu vyangu kavishika mkononi visilowe, nampenda, halafu namchukia zaidi. Mtu aliondoka pale akaenda dukani kunichagulia mashine! Alikumbuka mpaka rangi niliyoitaka. Amenifunga mdomo kwa zawadi, na mimi nikashukuru kwa machozi.

Mchango wake wa msiba ndio mkubwa kuliko wote mtaani. Mama anamsifu kila anakopita.

Jumapili, 16 Machi

Nimesukuma mashine stoo, sikuweza kulala nayo. Tangu asubuhi naandika na kufuta. Niende polisi na kikopo? Nimwambie mama kwanza? Nisubiri aende mwenyewe? Haendi. Namjua, atafikiria.

— Naendelea. Nimo stoo, nimekaa juu ya ndoo. Daftari liko magotini.

Nilikuwa naanika vitambaa uwanjani, geti likagongwa. Mke wa Kengele. Anaikokota baiskeli, gurudumu la mbele limepinda, halizunguki. Nikampa kigoda. Polisi wamemrudishia jana. Shemeji yake ataitengeneza aendelee na mikate, watoto wapate kula. Lakini ina damu kwenye mpini, yeye hawezi kuigusa.

Alisema wewe ndiye utakayemwoshea, kaniambia. Alikuwa anakutaja kila siku nyumbani — siku dada yule akifungua, mimi mteja wa kwanza.

Nikachuchumaa nisimtazame. Kwenye fremu, juu ya kile kijani, kuna mkwaruzo mweupe mrefu kama kiganja. Nikamuuliza, polisi waliuona? Waliuona. Wakasema magari meupe ni mengi.

Akaugusa kwa kidole kimoja tu. Akaniuliza, na huu je, hakuna dawa yake?

Nikasema ngoja nikalete vifaa. Nimeingia huku na mpira wa bomba, nimesukuma mlango, nimewasha mashine, maji yanapiga ukuta. Najua nimeiwasha ili asikie nafanya kazi. Kikopo kiko mfukoni mwa aproni. Nikitoka nacho nikausugua ule weupe, kibonge kitabeba vyote viwili, na hapatakuwa na kitu popote isipokuwa kwangu. Nikitoka nikakifungua mbele yake — mama yuko jikoni, anapika chakula cha watu sita kwa sababu kaka anakuja na watoto leo.

Honi. Ndiyo honi yake. Mama anamfungulia geti.

Nachungulia kwenye ufa. Gari limeingia mpaka mbele ya bomba, limesimama karibu na baiskeli, linang'aa, kazi yangu mimi. Taa kabadilisha. Kashuka. Kamwona mke wa Kengele. Kasimama na funguo mkononi, kisha kaenda kumpa mkono, kichwa kakiinamisha. Pole sana dada. Naye kasimama kumpokea kwa mikono miwili, anamwambia mchango wako umetusitiri, kaka yangu, Mungu akulipe.

Nimezima mashine.

Wote wamegeukia mlango wa stoo. Mama ananiita, anauliza kama nimemaliza.